Sura ya Sita: Matromboni ya Mitaboni

Munyao alikuwa mahabusu wa kwanza katika kituo kile kulalamika kwamba seli ina mwangwi mbaya. Hakulalamikia baridi, wala sakafu, wala yule mlevi aliyemfanya mto usiku kucha. Alisema ukuta wa nyuma unarudisha besi yote, na kama wangetundika blanketi pale kwenye kona mtu angeweza angalau kujisikia akifikiri.

Inspekta Loise Mbithe alimwacha amalize, kisha akamsogezea kikombe cha chai. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi, Jumatatu. Saa nane mchana gari la mahakama lingembeba Munyao kwenda kusomewa shtaka la wizi, na mkuu wa kituo alishamwambia Loise kwamba faili imeiva, imebaki sahihi yake tu. Lakini Loise hakuwa mtu wa kutia sahihi kwa haraka. Wenzake walisema hata menyu ya hoteli yenye chai na mandazi peke yake huisoma mara mbili.

Kwa juu juu kesi ilikuwa nyepesi. Jumamosi mchana Katunge, yule mwimbaji wa roki mwenye sauti ya kukwaruza mabati, alisimama mbele ya watu elfu mbili hapa mjini, na nyuma yake ikaketi okestra ya simfoni ya watu arobaini: wauguzi, walimu, karani mmoja wa ardhi, na wapiga tromboni wanne wa bendi ya kanisa kutoka Mitaboni. Gitaa za umeme zikanguruma, fidla zikalia, watu wakaruka mpaka viti vikahama vyenyewe. Tamasha zima lilirekodiwa ili liwe albamu. Jumapili asubuhi Munyao, fundi wa sauti, alifungua chumba cha kurekodia kilicho nyuma ya jukwaa akakuta kila kitu mahali pake: kompyuta, maiki, nyaya, hata miwani yake. Kilichokosekana ni diski mbili, kila moja kama pakiti ya majani chai, moja ya kazi na moja ya akiba. Hizo ndizo zilizobeba tamasha lote.

Kufuli halikuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo ambazo hata paka mwembamba angekata tamaa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu duniani, nao ulilala ndani ya suruali ya Munyao, na Munyao alilala ndani ya suruali hiyo. Tena Alhamisi, mbele ya wanamuziki wote, alikuwa amezozana na Katunge kwa sababu bango lilitaja kila mtu, hadi aliyeleta viti, ila yeye. Akaapa albamu hiyo haitatoka. Watu arobaini walimsikia. Okestra ina masikio.

"Tuanze tena," Loise alisema. "Wimbo wa mwisho umeisha. Wewe uko wapi?"

"Ndani ya chumba changu, madam. Nangoja makofi yaishe. Makofi pia ni muziki, huwezi kuyakata."

"Yakaisha."

"Nikasimamisha mashine. Ikaniambia imehifadhi, pande zote mbili. Niliona na macho yangu. Halafu nikazima, nikafunga, nikaenda kula."

"Katikati hapo ulitoka?"

"Sikutoka."

"Hata kwenda msalani?"

"Fundi wa sauti hanywi maji siku ya tamasha, madam. Hiyo ndio darasa la kwanza."

Loise akamuuliza kama, alipokuwa akifunga, aliziona diski kwa macho. Hapo Munyao alikizungusha kikombe mezani mara mbili kabla ya kujibu. Hakuziona. Huwa zinakaa nyuma ya mashine, na kwa muda huo pilau ilikuwa imeanza kunukia, na mtu ambaye hajanywa maji tangu asubuhi hajala pia. Alivuta mlango, akabana kufuli, akafuata harufu.

Loise aliandika mistari mitatu, akasimama. Nje, Konstebo Kiema alikuwa amewasha gari na alikuwa na mshukiwa wake tayari. Kiema huwa na mtu wake tayari kila kesi, na mpaka leo hajawahi kupatia, lakini hilo halimpunguzii imani. Safari hii alikuwa Lenny, mpiga gitaa la besi ambaye Katunge alimfukuza miezi miwili iliyopita. Ijumaa Lenny aliandika mtandaoni kwamba albamu hiyo mashabiki wataingoja mpaka wazeeke. Kiema alisoma maneno hayo kwa sauti ya hakimu.

Loise alipiga simu tatu njiani. Kufikia mzunguko wa barabara, Lenny alikuwa ametoka kwenye kesi: Jumamosi kuanzia saa sita mchana mpaka giza liingie alikuwa Kithimani akipigia watu harusi, na bibi harusi mwenyewe alikuwa na video yake, amefunga tai ya waridi, akicheza na shangazi wa bwana harusi.

"Tai ya waridi," Kiema alisema kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa.

Katunge aliwapokea jukwaani. Alivaa koti jeusi la ngozi kwenye jua la saa tatu, na viatu vya kupandia milima, na bado alionekana kama mtu anayesikia baridi. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika zaidi ya kawaida. Alieleza kwamba okestra ile haiwezi kukusanywa tena. Wauguzi walibadilishana zamu miezi mitatu kwa ajili ya mazoezi, walimu walimaliza ruhusa zao, karani wa ardhi alishaonywa kazini. Kama diski zimepotea, basi Jumamosi ile imepotea, na yeye atabaki kusimulia watu kama mvuvi aliyeponyokwa na samaki.

Kuhusu Munyao alisema jambo ambalo Loise alilipigia mstari. Alikuwa na hasira naye, ndio, na bado hajaisamehe midomo yake. Lakini hedifoni za Munyao zilibaki mezani.

"Hizo hedifoni hulala nazo kama mtoto," Katunge alisema. "Munyao akiamua kuniibia na kutoroka, dada, angeziacha kweli?"

Loise alimwomba watembee hatua kwa hatua, tangu noti ya mwisho. Katunge alisimama pale aliposimama Jumamosi. Aliinama hivi, akapewa maua, akamshika mkono Mwalimu Urbanus Maundu, mzee aliyeiongoza okestra, makofi yakaisha, watu wakaanza kutoka.

"Halafu tukafunga, tukaenda kula," alisema.

"Mlifungaje?"

"Na maombi. Kwani watu hufunga na nini?"

Kalamu ya Loise ilisimama. Aliuliza maombi hayo yalifanyiwa wapi. Hapo hapo jukwaani, Katunge alisema, wanamuziki wote pamoja na mafundi, kama kila siku ya mazoezi. Na Munyao? Alikuwa papo hapo nyuma yake. Hakumwona, ila alimsikia, kwa sababu Munyao ana amina nene inayotoka kifuani.

Loise alisogea kando akapiga simu kituoni, akamwomba polisi wa zamu amuulize mahabusu swali moja tu. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, na polisi wa zamu alilisoma akizuia kicheko: Munyao anasema alienda maombi, ndio, lakini maombi si kutoka. Maombi ni maombi. Mlango aliurudisha tu, maana nani ataiba watu wakiomba?

Basi hapo ndipo kufuli la ajabu lilipofunguka lenyewe. Siku nzima ya jana wapelelezi wawili walikuwa wamewahoji watu arobaini na wote walieleza tamasha dakika kwa dakika, na hakuna aliyetaja maombi, jinsi ambavyo hakuna anayetaja kwamba alikuwa akipumua. Kufuli lilibanwa baadaye, kwenye chumba ambacho diski zilikuwa zimeshaondoka.

"Yalichukua muda gani?" Loise aliuliza.

Katunge alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Aliyeomba ni Mama Nzembi wa tromboni. Aliviombea vyombo, akawaombea wenye vyombo, akawaombea waliotaka kuja wakakosa nauli, akaiombea mvua, kisha akarudi kwa vyombo kimoja kimoja. Dakika kumi, labda zaidi. Katunge alikuwa ameimba saa mbili amesimama na miguu haikumuuma. Hapo ndipo ilipomuuma.

"Nani hakuwepo?"

"Wote tulikuwa hapa."

"Ulimwona nani?"

"Nilikuwa nimefumba macho, dada."

Mashahidi arobaini na zaidi, na wote walifumba macho. Loise aliwaamuru Katunge na Kiema wasimame pale na wao wafumbe. Kisha, akiwa na viatu vyake vya kazi, alitoka kwenye kibao cha kiongozi wa okestra, akashuka ngazi tatu za nyuma, akaingia chumbani, akagusa mashine, akarudi. Jukwaa zima lilitandazwa zulia. Munyao mwenyewe alilitandaza ili nyayo za watu zisiingie kwenye rekodi. Dakika moja na sekunde ishirini.

"Tayari?" Kiema aliuliza, macho bado yamefumba. "Anza sasa, madam."

Kabla ya kuondoka Loise alipita kati ya stendi za nota. Fidla zote zilikuwa bado na karatasi zake, kwa heka heka za Jumapili hakuna aliyezikusanya. Stendi nne za mstari wa nyuma zilikuwa tupu. Aliuliza ni za nani. Za matromboni. Alikunja karatasi za fidla moja akazitia mfukoni, na akiwa tayari amefungua mlango wa gari akauliza jambo la mwisho: kwa kawaida, mazoezini, nani hufunga kwa maombi?

"Mwalimu Maundu mwenyewe," Katunge alisema. "Yake ni fupi. Asante Baba, tulinde njiani, amina. Jumamosi ndio alisema Mama Nzembi atuombee."

Kumpa mtu mwingine maombi si kosa la jinai, na Loise hakuliandika kama kosa. Aliliandika tu.

Saa nne na nusu walikuwa Mitaboni. Nzembi aliuza chakula cha kuku katika duka lililojaa magunia mpaka darini, na katikati ya magunia, juu ya msumari, ilining'inia tromboni inayong'aa kuliko kitu kingine chochote sokoni. Mama mwenyewe alikuwa na kifua cha mtu ambaye hajawahi kuhitaji maiki. Alimpimia mteja wake kilo mbili, akamfungia, akamsindikiza na salamu kwa mama yake, ndipo akawageukia polisi.

Loise alimsalimu kwa heshima zote, akamwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, akasema amesikia habari za maombi ya Jumamosi. Ikabidi asubiri kwanza, kwa sababu Nzembi alitaka kujua ni nani aliyesema yalikuwa marefu.

"Nilifupisha," Nzembi alisema. "Sikugusa hata wagonjwa."

"Nani alikuomba uombe?"

"Mwalimu. Alikuja akaniinamia kwa sikio, akaniambia, Mama Nzembi, leo usikate. Omba mpaka uridhike." Jambo hilo lilikuwa bado likimgusa moyo. "Miaka kumi nimeomba mbele ya watu. Wananivuta nguo, wanakohoa, pasta mmoja alinipitishia kikapu cha sadaka nikiwa katikati. Hakuna mtu ameniambia niombe mpaka niridhike."

Kiema alianza kukohoa, Loise akamkanyaga.

Aliuliza habari za karatasi. Nzembi alisema Mwalimu alizikusanya mara tu baada ya amina, zile nne za tromboni, akasema anaziweka kumbukumbu. Hakugusa za fidla. Nzembi hakuona ajabu, kwa sababu zao huwa tofauti. Wenzao wa fidla wanasoma zile nota za mistari mitano zenye vichwa vyeusi kama viluwiluwi. Watu wa bendi ya kanisa hawajui mambo ya viluwiluwi. Wao husoma solfa, doh, reh, mi, kama walivyofundishwa kwaya tangu utotoni, kwa hiyo Mwalimu alikuwa akikaa na kalamu yake akiwanakilia kila wimbo kwa mkono.

"Na hukuwa na nakala nyingine?"

Nzembi aliinama chini ya kaunta akatoa daftari la shule lenye vumbi la pumba. Hafanyi mazoezi na karatasi ya Mwalimu, alisema, ataichafua, na Mwalimu akiona doa kwenye karatasi yake anakuangalia mpaka unasikia kuhara. Kwa hiyo kila karatasi akipewa huinakili daftarini. Ya Ijumaa pia aliinakili, neno kwa neno.

Ijumaa Mwalimu alikuwa ameandika karatasi zote za wimbo wa tano upya, kwa sababu Katunge aliamua dakika za mwisho kwamba kiitikio cha mwisho kipande juu. Asubuhi ya Jumamosi hawakukifikia kiitikio hicho kwenye mazoezi, mwimbaji alikuwa akitunza koo.

Loise alilifungua daftari kwenye kaunta, akatandaza karatasi ya fidla ya wimbo huo kando yake. Aliwahi kuwa alto wa kwaya ya shule na solfa haikuwa imemtoka. Mwalimu huandika doh juu ya wimbo hata kwenye karatasi za viluwiluwi, na hapo juu yote mawili yalianza pamoja: doh ni G. Akafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akihesabu. Kwenye mstari wa tisa, karatasi ya fidla ilibadilika, na pembeni pake palikuwa na maandishi mazuri ya mwalimu mstaafu: *Hapa tunapanda. Doh ni A.* Kwenye daftari la Nzembi, mstari wa tisa haukuwa na kitu. Solfa ilisonga mbele na doh yake ile ile ya zamani.

"Mwaitu, hapa Jumamosi mlipiga hivi?"

"Tulipiga vile imeandikwa," Nzembi alisema. Kisha, polepole: "Ilisikika kama nimevaa kiatu cha kushoto kwa mguu wa kulia. Lakini sisi wanne tulikuwa pamoja, na karatasi ni ya Mwalimu. Nani atamsahihisha Mwalimu?"

Okestra nzima ilipanda ngazi moja, na tromboni nne zikabaki chini, kwa nguvu zote za Mitaboni, mbele ya watu elfu mbili. Watu wa roki hawakujua. Walidhani ni makusudi na wakashangilia. Aliyejua, kwa hesabu ya Loise, alikuwa mmoja, amesimama mbele yao na fimbo mkononi, na aliyeisahau ile doh alikuwa yeye yule.

Saa sita na robo gari liliingia Kalama, kwenye boma lililofagiliwa mpaka udongo ukawa na mistari. Mwalimu Urbanus Maundu alikuwa ameketi barazani, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, akipukuchua mbaazi. Kwa miaka thelathini mzee huyu alikuwa jaji wa mashindano ya muziki ya shule. Kuna walimu watu wazima, wenye watoto vyuoni, ambao wakiona wino mwekundu bado hukumbuka alichowaandikia.

Loise alisalimu. Mzee aliinua kichwa hata kabla hajamaliza.

"Alto," alisema. "Shule gani?"

Loise akamtajia, na mwaka.

"Mlikimbia mbele ya kinanda. Ubeti wa pili."

"Ndio, Mwalimu." Aliketi alipoonyeshwa, akachukua mbaazi kidogo akaanza kumsaidia, kama mgeni mwenye adabu. "Nimekuja unisaidie kitu kidogo. Wimbo wa tano wa Katunge. Mstari wa tisa, doh ni gani?"

"A," mzee alisema, bila kufikiri, jinsi mtu anavyotaja jina lake.

Loise alitoa daftari akaliweka juu ya mbaazi, limefunguliwa. "Hapa mimi sijaiona."

Vidole vya Mwalimu vilisimama. Kuku alipita, akatazama mbaazi, akaamua kuheshimu mazingira.

"Hilo ni daftari la nani?"

"La Mama Nzembi. Alinakili Ijumaa."

"Nilisahau kwamba yeye hunakili," Mwalimu Maundu alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe yametoka, hakujaribu kuyarudisha.

Alieleza kila kitu kwa utaratibu, kama anayesoma matokeo. Kosa alilisikia palepale jukwaani, na nyimbo nne zilizobaki aliziongoza huku akiona albamu ikichezwa katika kila chumba cha muziki cha kaunti hii, na kila mtu ambaye yeye aliwahi kumkata alama akiinamisha sikio kwenye spika. Hakukusudia kuuza kitu wala kuharibu kitu. Wakati wa maombi alizichukua diski akikusudia kuzishika siku mbili, amwendee Katunge kwa upole, amshawishi warudie wimbo mmoja tu, kisha zipatikane mahali. Jumapili kanisani akasikia Munyao amekamatwa. Aliondoka kabla ya baraka, akaenda mjini.

"Nilifika mpaka geti la kituo," alisema. "Nikarudi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Munyao amelala seli, Mwalimu. Saa nane anapelekwa kortini. Akishasomewa, jina lake haliwezi kufutwa kwa raba."

Mzee aliinuka, akaenda kwenye ghala la nafaka nyuma ya jikoni, na Kiema akamfuata hatua mbili nyuma kama alivyofundishwa. Alirudi na diski mbili, zimefungwa ndani ya gazeti, zimetolewa kwenye gunia la maharagwe. Loise aliandika saa, akaandika mahali, akawafanya wote wawili watie sahihi. Mwalimu aliomba dakika moja avae koti. Alilivaa, akaning'iniza ufunguo wa nyumba mahali mkewe angeuona, akaingia kwenye gari la polisi mbele ya macho ya majirani, bila kuambiwa.

Saa saba na dakika ishirini na tano walikuwa kituoni. Katunge alikuwa ameshafika na kompyuta ya Munyao, na mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa kama mtu anayemiliki muda. Munyao aliletwa kutoka seli, suruali anaishikilia kwa mkono kwa sababu mkanda ulikuwa bado kaunta. Loise alimsomea kwa maneno machache ni nini kilichotokea, na nani, na kwa nini. Hakupamba.

Munyao alimgeukia mzee.

"Mwalimu," alisema. "Kila tromboni ilikuwa na maiki yake."

Mwalimu Maundu hakuelewa.

"Kila moja iko na njia yake peke yake kwa hii mashine. Ile kitu mimi niliisikia Jumamosi hiyo hiyo. Nilikuwa nije nizime hizo nne kwa huo mstari tu, fidla zinapita juu, hakuna mtu angejua mpaka Yesu arudi. Dakika mbili. Hata singekuambia."

Katika kaunti nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kuliokoa jina la Mwalimu Maundu bila hata kudai asante, na Mwalimu ndiye aliyemlaza chini ya mlevi.

Katunge aliomba asikie kwanza. Munyao alichomeka diski, akatafuta wimbo wa tano, akausogeza mbele. Spika ndogo ya kompyuta ilijaza ofisi: gitaa, fidla, sauti ya Katunge ikipanda, na kisha tromboni nne zikiingia chini ya kila kitu kama malori manne yaliyokosea barabara lakini hayana nia ya kurudi nyuma. Polisi wa zamu alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo. Kwenye rekodi, watu elfu mbili walipiga yowe.

Munyao alisimamisha. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Nizime ama niache?"

Alimuuliza Katunge, lakini Katunge alimgeukia mzee. Mwalimu Maundu alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya okestra kabla ya kuinua fimbo.

"Tamasha lilirekodiwa lilivyopigwa," alisema. "Acha."

"Na jina lako litakuwa kwa kasha," Katunge alisema. "Kiongozi wa okestra na mwandishi wa nota."

"Liweke lisomeke."

Katunge alimwambia Loise kwamba yeye alilalamikia diski, na diski hizi hapa, hana neno tena na mzee. Loise alimjibu kwamba mkuu wa kituo ndiye atakayeamua habari ya Mwalimu baada ya kusoma maelezo yake, na maelezo hayo yataandikwa leo, yote. Kisha alichukua orodha ya gari la mahakama, akalikata jina la Munyao kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Mkuu wa kituo aliipokea orodha, akaisoma mara mbili, akaenda zake.

Munyao alipewa mkanda wake. Aliuvaa taratibu, tundu kwa tundu, na alipomaliza hakuelekea mlangoni. Alimwendea Mwalimu.

"Mama yangu aliambiwa jana kanisani, mbele ya watu, kwamba mtoto wake ni mwizi," alisema. Sauti yake haikupanda. "Utasimama pale mbele umwambie mwenyewe. Watu hao hao wakisikia."

Mwalimu Maundu aliinamisha kichwa. Mtu ambaye siku mbili hizi alikuwa ameficha mstari mmoja wa solfa kwenye gunia la maharagwe alikuwa sasa anaulizia ratiba.

"Jumapili hii?"

"Jumapili hii."

"Ibada ya kwanza ama ya pili?"

"Zote mbili," Munyao alisema.